Ukiwa na Hamsini na Kitu na Bado Unapenda Roki

Nunua vizibo vya masikio kabla hujanunua tiketi. Naanzia hapo kwa sababu ndipo nilipochelewa mimi. Mwaka 2017 nilisimama hatua chache kutoka kwenye spika kwa saa mbili nzima, nikaimba mpaka koo likakauka, nikarudi hotelini nikalala fofofo. Nilipoamka, sikio la kushoto lilikuwa linalia kana kwamba kuna mbu ndani. Nilidhani litatulia kufikia mchana. Lililia siku tisa. Kazini nikawa nawaomba watu warudie maneno, na usiku nililala na feni ikiwaka, si kwa joto, bali chumba kiwe na sauti nyingine. Mpaka leo, penye ukimya, yule mbu bado namsikia kwa mbali.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye neva. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti nyingine. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwa desibeli 88 una saa 4. Kwa 94, saa 1. Kwa 100, ambazo onyesho la roki huzifikia bila shida, una dakika 15 tu, yaani nyimbo tatu au nne. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuiacha ziara ya bendi yake mwaka 2016, madaktari walipomwonya kwamba akiendelea atakuwa kiziwi kabisa. Pete Townshend wa The Who amekuwa akisimulia uharibifu wa masikio yake kwa miongo kadhaa. Hao ndio waliotupigia muziki tuliokua nao. Tuwasikilize katika hili pia.

Vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa vinakinga, lakini hukata zaidi sauti nyembamba, ndiyo maana muziki unakujia kama umefunikwa blanketi. Tafuta vile vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, vyenye kichujio kidogo katikati: hupunguza sauti zote kwa karibu usawa, nawe bado unasikia matoazi, gitaa na maneno. Bei yake mara nyingi ni kati ya dola 20 na 40, na hukaa miaka. Vivae kabla bendi haijaanza. Ukisubiri mpaka masikio yalalamike, madhara yameshaingia.

Sasa niseme mimi ni nani hata nikushauri. Tuko wanawake wanne. Tulikutana mwaka 1994 katika jiko la bweni la chuo kimoja huko Illinois, tulikokuwa tukigeuza baga kwa ujira wa saa ili tupate hela za vitabu. Mmoja ametoka Tanga, mmoja Kisumu, mmoja ni Mmarekani mzaliwa wa Peoria, nami nilitoka Moshi. Redio ya jikoni ilikuwa ya mpishi mkuu, na mpishi mkuu hakutaka kusikia kingine ila roki. Mimi nilikuja na mbegu yake tayari: kaka yangu alikuwa na kanda ya Queen, na alikuwa akinikumbusha kila mara kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Tulihitimu, tukaolewa, wengine tukaachika, tukatawanyika majimbo manne. Lakini kila baada ya miaka miwili, Septemba, tunakutana Chicago kwa siku tatu za muziki na baga. Nitakayoyasema nimeyapata huko. Ukiwa unakwenda mji mwingine, badilisha majina ya mitaa tu.

Jambo la kwanza baada ya masikio ni fedha, na hapa tumerudi kwenye desturi ya nyumbani. Mwenzetu wa Kisumu anaiita chama, wa Tanga anaiita kibati, mimi nimezoea kusema upatu, ingawa kwa kweli hauzunguki. Kuanzia Januari ya mwaka wa safari kila mtu anatuma dola 60 kwa mwezi kwa mshika fedha, na hadi mwisho wa Agosti kila mmoja ana dola 480 zilizokwishatengwa. Zinalipa tiketi, chumba na chakula, na zikipungua tunaongeza. Faida kubwa haiko kwenye kuweka akiba. Kuna mwaka mmoja wetu alipoteza kazi, akaanza kutoa visingizio: mara mgongo, mara mgeni nyumbani. Tulikaribia kumkosa, si kwa sababu hakutupenda, bali kwa sababu aliona haya. Tangu hapo mshika fedha peke yake ndiye anayejua nani ametoa ngapi. Asiyefikisha anafidiwa kimya kimya na mfuko, na haulizwi. Marafiki wa ujanani mnapofika umri wetu vipato vimeshaachana sana. Panga hilo mapema, tena kwa siri, kabla halijawatenga.

Kuhusu tiketi zenyewe sina mengi. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inawataka wauzaji wa tiketi za maonyesho, na hoteli pia, waonyeshe bei kamili tangu mwanzo pamoja na ada zote za lazima, kwa hiyo kulinganisha kumekuwa rahisi. Usinunue kwa mtu aliyesimama nje ya lango. Tiketi nyingi siku hizi ziko kwenye simu na msimbo wake hubadilika kila baada ya muda mfupi, hivyo picha ya skrini utakayotumiwa haikufai kitu. Nilipoteza dola 90 kwa njia hiyo, nikabaki nje nikisikia besi ikigonga ukutani.

Jambo ambalo nimekaa kuandika makala haya kwa ajili yake ni hili: usijaze wikiendi. Mwaka 2015 tulijaza. Tulitazama bendi 11 kwa siku tatu, tukakimbia kutoka jukwaa hadi jukwaa, usiku tukaongeza na kilabu. Tulipiga picha nyingi, tukacheka. Jumatatu, kwenye foleni ya ukaguzi uwanja wa ndege, mwenzetu wa Peoria akatuambia kwamba mama yake alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Tuliganda. Yule mama tulimjua, alikuwa akituletea mikate ya ndizi bwenini. Mwenzetu wa Tanga alimshika mikono akamuuliza, "Dada, siku zote tatu hizi umenyamaza?" Akajibu bila hasira yoyote, "Ningewaambia saa ngapi?"

Kwetu pole haitolewi mtu akiwa anavua viatu mbele ya mashine. Nililia ndegeni mpaka abiria jirani akaniletea maji.

Tangu safari iliyofuata tuna mpango mmoja, na nakusihi uuige. Ijumaa usiku, onyesho moja katika ukumbi mdogo. Jumamosi hakuna muziki wa kulipia hata kidogo. Jumapili, siku moja tu ya tamasha, hata kama tamasha ni la siku tatu. Mwili unapata siku ya kupumzika katikati, na mdomo unapata nafasi ya kusema.

Kwa Ijumaa, sisi tunapenda Metro, ukumbi wa Clark Street upande wa kaskazini, uliofunguliwa mwaka 1982. R.E.M. walipiga hapo mwaka ule ule, na Smashing Pumpkins walikulia hapo. Ukumbi unaingiza watu kama 1,100, hivyo unauona uso wa mpiga gitaa, na juu kuna roshani. Ukiwa mfupi kama mimi, panda. Ukibaki chini, simama karibu na meza ya fundi wa sauti. Anaupanga muziki kwa jinsi anavyousikia mahali alipo, kwa hiyo hapo ndipo unaposikika vizuri kuliko mbele, na msukumano hupungua. Treni ya Red Line iko mwendo mfupi na hufanya kazi usiku kucha, basi hakuna haja ya mtu kuendesha gari akiwa amechoka.

Jumapili ni Riot Fest, katika bustani ya Douglass, magharibi mwa jiji. Ninalipendea tamasha hili jambo moja: limewarudisha pamoja watu walioachana. The Replacements walirudi jukwaani kwenye matamasha yake mwaka 2013, baada ya miaka 22. Mwaka 2016 Glenn Danzig na Jerry Only wa Misfits walisimama tena pamoja baada ya zaidi ya miongo mitatu ya kutoelewana. Mwaka 2017 tulikuwepo wakati Jawbreaker walipocheza Chicago, bendi iliyokuwa imevunjika tangu 1996. Wanaume watatu wenye mvi, na umati wa watu wa rika letu wakiimba kila neno. Sijui kama walikuwa wamesameheana yote. Waliweza kupiga pamoja, na kwangu ilitosha.

Kabla ya kwenda, kaeni na ratiba mkiwa nyumbani, kila mtu achague bendi moja ambayo haikosi kwa lolote. Watu wanne, bendi nne. Nyingine zote ni bahati. Wakati bendi ya mmoja ikipiga, wote mnaambatana naye, hata wasioipenda. Nimejifunza kupenda bendi mbili kwa kumtazama tu mwenzangu wa Kisumu akizisikiliza.

Halafu mwili. Viatu viwe vile ulivyovivaa kwa wiki kadhaa, visiwe vipya. Septemba ya Chicago mchana inaweza kuchoma na usiku upepo wa ziwani ukakufanya utetemeke, basi vaa nguo nyepesi mbili tatu za kuvua na kuvaa. Wanawake wenzangu mlio kwenye ukomo wa hedhi mnajua kwamba joto lile haliangalii saa: kitambaa kilicholoweshwa shingoni na feni ndogo ya betri vimeniokoa katikati ya umati. Anayetumia vidonge vya presha vya kuongeza mkojo amuulize daktari wake kabla ya safari namna ya kuvitumia siku ya kusimama juani. Asiamue mwenyewe kuviacha. Dawa zibaki kwenye chupa zake zenye jina, kwa sababu langoni watakagua, na matamasha mengi yanataka mkoba mdogo au mkoba wa plastiki unaoonyesha vilivyomo.

Mwenzetu wa Tanga amewekewa goti la bandia. Alikuwa ameamua kutokuja tena, na hakutaka hata tulizungumzie. Tukagundua kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inahusu matamasha na kumbi pia, na kwamba waandaaji huweka majukwaa ya kukalia kwa wasioweza kusimama. Ukiwaandikia wiki chache kabla, wanakueleza utaratibu, na kwa kawaida unaruhusiwa kukaa na angalau mtu mmoja wa kukusindikiza. Tunapokezana kukaa naye. Kutoka pale juu anaona vizuri kuliko sisi sote. Kama una rafiki aliyeacha kuja kwa sababu ya mguu, moyo au pumzi, fanya wewe kazi ya kuandika barua pepe hiyo. Yeye hatakuomba.

Sasa Jumamosi, siku yetu.

Asubuhi tunaenda 2120 South Michigan Avenue, jengo jembamba la ghorofa mbili lililokuwa studio ya kampuni ya santuri ya Chess Records. Muddy Waters, aliyehamia Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943, alitia umeme kwenye gitaa kwa sababu katika baa za upande wa kusini gitaa la kawaida lilimezwa na kelele za wateja. Yeye, Chuck Berry na Bo Diddley wote walikuwa wa kampuni hii. Rolling Stones, ambao hata jina lao walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters, walikuja kurekodi humu Juni 1964, vijana wa Kiingereza waliotaka kusimama walipokuwa wamesimama wakubwa wao. Leo jengo linatunzwa na mfuko wa urithi wa Willie Dixon. Nawashauri Waafrika wenzangu wapendao roki wafike hapo hata mara moja. Nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kwenye matamasha kama nimepotea njia, na hata nyumbani shangazi zangu waliniambia muziki huu ni wa Wazungu. Ukisimama kwenye chumba kile kidogo, ukakumbuka mikono iliyopiga gitaa hapo, hutakuwa tena na haja ya kujieleza kwa mtu.

Kisha baga. Kwa anayependa metali, Chicago ina mgahawa wa Kuma's Corner, uliofunguliwa mwaka 2005 kwenye mtaa wa Belmont, ambako baga zimepewa majina ya bendi na muziki unapigwa kwa nguvu. Niliwahi kwenda na mwenzangu wa Peoria, tukafurahi sana. Lakini mwenzetu wa Tanga ni Mwislamu, na tulipokuwa wadogo tulimkosea sana kwa kumfikisha mahali kisha kumwambia, "Si utakula chipsi?" Meza ambayo mmoja wenu anakula chipsi tupu si meza yenu wote. Siku hizi tunaenda upande wa Devon Avenue, mtaa wa maduka na migahawa ya Wahindi na Wapakistani, ambako nyama ya halali si ya kutafuta kwa tochi. Kama kundi lako lina mla mboga au mwenye kisukari, anzeni na chakula chake, ninyi wengine mtapata tu.

Mimi niligeuza baga miaka mitatu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Nyama nzuri ya baga ina mafuta karibu asilimia 20. Pungufu ya hapo inakauka. Mpishi akiigandamiza kwa mwiko mwanzoni kabisa, ikiwa bado donge bichi, anaipa ukoko mzuri. Akiigandamiza ikishaiva nusu, utamu wote unamwagikia kwenye bamba, na ukimwona akifanya hivyo agiza kitu kingine. Chumvi inyunyizwe juu karibu na kuiweka motoni, isikandiwe ndani, maana huifanya iwe ngumu kama soseji. Nawe uliyepita hamsini, iombe iive kabisa. Nyama ya kusaga si kama kipande kizima, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu vimeshachanganywa hadi ndani, ndiyo maana mamlaka za chakula za Marekani zinataka katikati ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi. Na mgawane. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, na baga moja kubwa ya mgahawani yenye jibini, achari na chipsi pembeni inaweza kukufikisha huko peke yake. Sisi tunaagiza mbili, tunazikata katikati, tunaongeza sahani ya kachumbari au saladi. Kula saa saba mchana, siku isiyo na onyesho. Baga iliyoliwa nusu saa kabla ya kwenda kusimama itakudai usiku kucha.

Mkishaagiza, simu zote ndani ya mikoba. Tunaanza na habari za nyumbani kama tulivyofundishwa, mmoja mmoja, watoto, wazee, kazi, afya, na asiyekuwa na habari nzuri hakatizwi. Mwenzetu wa Peoria mwanzoni aliona salamu zetu ndefu mno. Sasa ndiye anayeshikilia zifuatwe. Mezani hapo nilisikia kuhusu uvimbe uliokutwa kwenye titi la mmoja wetu kabla mume wake hajaambiwa. Mezani hapo niliweza kusema kwamba ndoa yangu imekwisha, jambo nililokuwa nimelificha hata kwa dada yangu. Kaeni sana. Agizeni chai tena, mwachieni mhudumu bahashishi nono kwa sababu mmeshika meza yake saa tatu nzima.

Anayetaka kununua santuri atembee kidogo jioni, Reckless Records ina maduka kadhaa jijini. Kisha kalaleni mapema.

Jumatatu usirudi kazini. Omba siku hiyo mapema, tangu unapoandikisha likizo za mwaka, kwa sababu ukitua usiku na kuamkia ofisini utaichukia safari iliyokupa furaha. Sisi huachana uwanja wa ndege wa O'Hare, tumefika kwa treni ya Blue Line, sauti zimekwisha. Pale pale kwenye foleni ya ukaguzi, ilipotokea aibu yetu ya mwaka 2015, mshika fedha anafungua pochi na kila mmoja anatoa dola 20 taslimu, mchango wa kwanza wa safari ijayo. Mara ya mwisho mwenzetu wa Tanga alitoa 40. Alisema nyingine ni ya barua pepe ya goti.